Nyoka wa Kijivu wa Wasyl Hryciuk

Alhamisi, 2 Mei
Theluji imekwisha. Nyoka wameanza kutoka pangoni. Mzee Halldor, mwongoza wageni wetu, goti limemshinda, kwa hiyo Jumapili kamati ya kijiji itachagua mtu mpya wa kuongoza wageni pangoni. Naitaka kazi hiyo mpaka usingizi umenipaa. Mpinzani ni mmoja tu, Gudrun Eyford, anayejiona mama wa nyoka wote wa jimbo letu la Manitoba. Mimi pia najua! Mstari wa manjano mgongoni na madoa mekundu ubavuni: ubavu-mwekundu. Mstari wa rangi ya chungwa, bila wekundu: nyoka wa mbugani. Elimu imeishia hapo.

Ijumaa, 3 Mei
Nimempata! Ametoka shimoni asubuhi hii, kijivu mwili mzima. Hana mstari hata mmoja. Aina mpya! Nimemtia ndani ya foronya. Mke wangu Nettie akauliza mbona foronya yake inatembea. Nikamwambia ni sayansi. Akasema sayansi ilale nje.

Jumamosi, 4 Mei
Nimemkuta Gudrun barabarani, anasimika vibao vya kuwaonya madereva wasiwakanyage nyoka. Nikamdokezea habari yangu. Akaniuliza, "Umemwogesha lakini, bwana Wasyl?" Nani huogesha nyoka? Wivu huo.

Jumapili, 5 Mei
Ukumbi umejaa, watu wanakula perogi za viazi. Nikasimama, nikafungua foronya. Nyoka akanimwagia uvundo wake wote kifuani. Meza nzima ya kamati ikasukuma sahani. Gudrun akaja na beseni la maji ya uvuguvugu, akamsuuza taratibu. Tope la chokaa likatoka. Mstari wa manjano. Madoa mekundu. Ubavu-mwekundu, kama maelfu wenzake! Mama Pawlina wa kamati akasema, "We Wasyl, umezaliwa hapa hapa, hujui nyoka wa kwanza hutoka na tope la shimo?" Nilitamani ardhi inimeze.
Kazi kapewa Gudrun. Niliumia sana. Lakini mlangoni akaniambia watoto wa shule watapenda kuona nyoka akioga, nije kesho na beseni.

Jumatatu, 6 Mei
Nimeogesha nyoka mbele ya darasa zima. Kila mstari ulipotokea, watoto walipiga makofi. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu. Gudrun akawaeleza jambo refu kuhusu nyoka anayekaribia kujivua gamba, sijui rangi hufifia, sijui macho huwa na ukungu wa buluu. Sikulisikia lote. Nilikuwa nateka maji.
Nikiwa njiani kurudi nyumbani nimeokota mmoja. Rangi imefifia, mistari haionekani vizuri. Safari hii sina papara: nimemwogesha mara mbili. Hatakati! Basi si tope. Na macho yake ni ya buluu kabisa, sijapata kuona.
Gudrun asijue kwanza. Nimechukua foronya ya harusi.