Pole kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Februari

Habari imetufikia kabla hatujaanza kuchambua maparachichi. Alhamisi anakuja mnunuzi kutoka Uholanzi. Bosi Filemoni anafungua ghala la pili kwao Iringa, na anatafuta msimamizi atakayeongea na wazungu kwa Kiingereza bila kumwaibisha. Atakayempokea mgeni vizuri ndiye atakayekwenda.

Dastan akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kamaliza kidato cha sita na ndiye mshika ufunguo wa chumba cha baridi, basi hapa ghalani hakukaliki. Mimi nikanyoosha mikono yote miwili. Bosi akaniuliza Kiingereza nimekipata wapi, maana miaka yote hii hapa Uyole hajawahi kukisikia. Nikamjibu nilikuwa nakitunza. Kasema sawa, tujaribiwe wote.

Nimemweleza mke wangu, Paskalina. Mama yake anaumwa miguu kule Iringa na hana wa kumtekea maji.  Mke wangu alishusha sanduku kutoka juu ya kabati akalifuta vumbi. Hii kazi lazima niipate.

Jumanne, 4 Februari

Nimeazima kitabu cha Kiingereza. Ukurasa wa kwanza, wakati uliopita. Wa pili, wakati uliopita kabla ya ule uliopita. Nimekifunga. Mgeni haji kuongea mambo ya zamani.

Halafu akili ikanijia. Mgeni ni mgeni! Anachotaka ni adabu, na adabu ninayo, nimelelewa Tukuyu. Ni kuihamisha tu. Karibu ni welcome. Pole ni sorry. Pole na safari, sorry for journey. Pole na kazi, sorry for work. Sarufi namwachia Dastan.

Jioni nikashuka soko la Mwanjelwa kufanya mazoezi. Nikamkuta mzungu ananunua ndizi. Nikamwambia sorry for journey. Akashtuka, akauliza safari yake imepatwa na nini. Nikamjibu not yet, yaani bado. Akaondoka mbio, ndizi kaziacha mezani. Wenzetu wana shughuli nyingi.

Jumatano, 5 Februari

Paskalina ananipinga. Kabla sijamuoa alikuwa mpishi kwenye hosteli ya masista wa Kizungu, basi anajiona mwalimu. Ati sorry anaisema aliyekosa. Ati Kiingereza hakina pole. Nikamuuliza, sasa mtu akianguka wanamwambiaje? Kasema wanamuuliza kama yuko salama. Mtu yuko chini kwenye tope, wewe unamuuliza maswali! Nimemwambia alikuwa jikoni, mengi hayakumfikia.

Kazini nimemchimbia Dastan shimo. Nimemnong'oneza kwamba Waholanzi hawapendi Kiingereza, wanaona ni dharau. Nilitaka akae kimya. Mchana nikamkuta nyuma ya kreti na simu sikioni, anajifunza salamu za Kiholanzi. Ananishukuru sana kwa kumshtua.

Alhamisi, 6 Februari

Mgeni kafika na mvua. Anaitwa Madam Ineke, mrefu, hana makuu. Dastan akamrukia na salamu yake. Mama wa watu kafurahi mpaka kamshika mabega, akaanza kumwaga Kiholanzi. Dastan alikuwa na salamu tu. Akabaki anatabasamu.

Nikaingia mimi. Welcome madam, sorry for journey. Kasema safari ilikuwa nzuri. Nikampa sorry vilevile, adabu haichagui. Akateleza mlangoni, nikampa mbili. Akapiga chafya, nikampa nyingine. Akasema si kosa langu. Bosi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Iringa hiyo nikaiona.

Tukaingia ofisini. Mama yule akabadilika uso. Akaeleza polepole, hata mimi nikaelewa, kwamba mzigo wa Desemba ulimfikia umeoza wote. Mtu alizima chumba cha baridi, na kila akiuliza ni nani hajibiwi. Dastan akawa anaangalia dirishani. Mimi roho iliniuma kweli. Mzigo mzima! Kwetu mtu akipata hasara vile humwachi hivihivi. Nikasimama, nikashika kifua. "Sorry madam. Me, I am very sorry."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia. "It was you?"

Nikajua anauliza kama pole ile ni yangu mwenyewe au nimetumwa. Nikamjibu kwa unyenyekevu. "Yes, me. And my wife. All my family is sorry."

Ofisi nzima ikanikodolea macho. Adabu iliwagusa.

Ijumaa, 7 Februari

Bosi kaniita, kafunga mlango. Kaniuliza mimi na ukoo wangu tulizima lini chumba cha baridi. Nikamwambia hata ufunguo sijawahi kuushika, anao Dastan, na kwamba nilikuwa natoa pole.

Akajishika kichwa. "Najua si wewe. Lakini yule mama kaondoka anajua ni wewe, na karidhika. Kasema huko kote anakonunua hajawahi kuona mtu anakiri."

Kwa hiyo ataendelea kununua, sharti mimi nisiguse tena mzigo wa nje. Nimehamishiwa Mbalizi, kuuza maparachichi yaliyokataliwa. Iringa anakwenda Dastan. Nikamkumbusha ule ufunguo. Bosi akasema jambo limeshatulia, tusilichokoze. Dastan alinishika mkono muda mrefu sana, mkono wake umelowa jasho.

Paskalina alimpigia mama yake kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. Kisha akalirudisha sanduku juu ya kabati. Nikamwambia pole. Akasema, "Baba Roza, neno hilo usiniambie leo." Imeniuma kuliko Mbalizi.

Jumapili, 9 Februari

Nimetulia, nimefikiri. Kosa limeonekana. Pole niliitoa kwa mdomo, na maneno ya mdomo hupotea. Ilitakiwa iandikwe. Madam aliacha namba yake ukutani ofisini, nami nilikuwa nimeinakili. Baada ya ibada nimemtumia ujumbe kusahihisha mambo. Nimemwandikia kwamba I am sorry because I said sorry, na mwisho nikaongeza sorry for Sunday, maana nimemsumbua siku ya mapumziko.

Kajibu palepale! "Apology accepted, Jofrey." Accepted naijua tangu kidato cha pili, ni kukubaliwa. Hiyo apology itakuwa ndiyo jina la cheo, labda msimamizi kwa Kiholanzi. Kesho asubuhi nampelekea Bosi simu aone mwenyewe. Nimemwambia Paskalina alishushe sanduku, aanze kupanga nguo.

Aliiomba simu. Akausoma ujumbe, akausoma tena, akanirudishia. Sanduku akaliacha kulekule juu, akaenda kuongeza maharage maji.