Firigisi ya Yubile ya Papa Cirhuza

Jumamosi, 10 Agosti 1957

Tumefika Bukavu. Siku mbili juu ya lori kutoka Kamituga, mimi, Rosalie na watoto, vumbi mpaka katikati ya meno. Likizo yangu ya kwanza tangu nipewe meza ya ukarani kule kwenye machimbo ya dhahabu. Tumefikia Kadutu, kwa baba mkwe, Papa Cirhuza.

Alhamisi, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Papa Cirhuza na Maman Bibiane wanatimiza miaka thelathini ya ndoa. Kutakuwa na karamu. Kwenye karamu kutakuwa na kuku. Na ndani ya kuku, firigisi. Moja tu!

Kwetu firigisi haitolewi hivi hivi. Ni nyama ya heshima. Papa Cirhuza hana meno tena, kwa hiyo ametangaza kwamba atampa mkwe wake wa kwanza aile badala yake. Na huyo ndiye atakayekuwa msemaji wa familia wiki ya Noeli, watu watakapokuja kumposa Apolline, binti wa mwisho. Atakaa kwenye kiti cha baba. Atasema, wengine watanyamaza.

Mkwe wa kwanza ni mimi. Nilimwoa Rosalie mwaka 1950. Anaclet alikuja miaka mitatu baadaye. Lakini kwa kuwa alimwoa Delphine, dada mkubwa, anajiita wa kwanza. Upuuzi mtupu! Aliyetangulia kufika ametangulia.

Anaclet na Delphine wanafika kesho kutoka Uvira. Waje tu.

Jumapili, 11 Agosti

Amefika. Amenenepa. Anagawa chakula katika hoteli ya Wazungu na hataki mtu asahau. Ameleta kitambaa cheupe cha meza, uma kumi na mbili, na mpango: karamu ya Kizungu. Supu kwanza, kisha kuku vipande vipande na mayonezi, yeye mwenyewe akigawa. Delphine alipiga makofi. Hata Papa aliitikia kwa kichwa.

Kuku wa Kizungu hukatwakatwa! Firigisi hupotelea kwenye supu, au kwenye sahani ya anayegawa. Nikasimama. Nikasema ni aibu. Miaka thelathini ya ndoa, halafu tule kama watu wa Bruseli? Nikadai mkeka, majani ya ndizi, bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Idjwi, na kuku mzima mbele ya mwenye nyumba. Karamu ya Kiafrika kabisa! Nilisema vizuri mpaka nikajisikia nimesimama kwenye mimbari.

Papa akafuta machozi. Akasema, "Mutoto huyu anasema kweli. Tutakula vile bankambo, babu zetu, balikuwa banakula." Anaclet akakunja kitambaa chake.

Rosalie baadaye akaniuliza kama ni mimi yule yule niliyekataza kula bugali kwa mkono nyumbani kwetu, huu mwaka wa pili, kwa sababu nimeomba ile karte ya mérite, cheti cha Mwafrika aliyestaarabika, na Wazungu wanaweza kuja siku yoyote kuhesabu uma zetu. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Na ni mambo mawili tofauti!

Jumatatu, 12 Agosti

Papa ameamua tuanze leo, ili Alhamisi itukute tumezoea. Mkeka. Mikono. Vidole vyangu vimesahau kazi. Nimeunguza viwili. Tonge langu la kwanza lilianguka kwenye paja la Papa. Anaclet, mtu wa uma kumi na mbili, anakula kwa mkono kama hajawahi kuona kijiko. Watoto wangu wakaomba uma. Nikawakemea.

Sirudi nyuma. Nimetangaza kwamba kuku wa karamu nitamleta mimi. Maman Bibiane alimtuma Rosalie kuniambia kwamba jogoo yupo uani, yule mzee anayewika saa kumi alfajiri. Nikakataa kwa heshima. Akichinjwa jogoo wake, sifa ni zake. Nikileta mimi, hata firigisi itajua inatakiwa kwenda wapi.

Jumanne, 13 Agosti

Kuku wa soko la Kadutu wamekonda. Nikapanda mjini, kwenye duka la nyama la Wazungu. Sisi hatuingii. Tunahudumiwa kwenye kidirisha cha pembeni, karibu na mapipa ya taka. Bibi mmoja akaja na mbwa wake. Mbwa akaingia. Mimi nikabaki nje saa nzima, na sikuinamisha kichwa hata kidogo. Nilikasirika, naandika hapa kwamba nilikasirika.

Lakini kuku! Mweupe, mnene, amekwisha kunyonyolewa, amefungwa kwenye karatasi safi. Nimempeleka kwenye friji ya Mzungu anayepikiwa na rafiki yangu Isidore, kando ya ziwa, ili mtu asimwone kabla ya saa yake.

Jumatano, 14 Agosti

Nilimfungua kuku mbele ya wote. Wakashangilia. Maman Bibiane akamgeuza, akachungulia, akaingiza mkono. Vidole vikatokea upande wa pili.

"Yoo! Huyu kuku, bamekwisha kumukula!"

Hakuna ini. Hakuna shingo wala miguu. Hakuna firigisi! Wazungu wamesafisha vyote na kuvitupa. Anaclet alicheka mpaka akakaa chini. Nikaeleza kwamba kuku wa Ulaya huzaliwa hivyo. Hakuna aliyeniamini, ila siwezi kufuta neno langu.

Mchana nikakimbia kwa Isidore. Bahati! Madame wake ana wageni, wamechinja bata mzinga, na madame hagusi matumbo. Isidore amenipa firigisi ya yule ndege, imefungwa kwenye jani. Kubwa kama ngumi ya mtoto. Kuku mwenye firigisi kama hii hajaonekana, lakini nani atapima?

Alhamisi, 15 Agosti

Leo jogoo hakuwika. Nimelala vizuri.

Kuku alifungwa majani ya ndizi akawekwa motoni kabla ya Misa. Katikati ya mahubiri nikashika tumbo, nikatoka, nikakimbia mpaka jikoni. Nikafungua majani, nikasukuma firigisi yangu ndani. Kulikuwa na kitu kinazuia, nikadhani ni kitunguu. Nikirudi, nikakutana na Anaclet anateremka mbio, naye ameshika tumbo. Nikamhurumia!

Saa saba tukaketi. Wanaume mkeka wao, wanawake mkeka wao. Papa akafanya ishara ya msalaba, akafungua majani, akaingiza mkono. Akatoa firigisi. Ndogo, laini. Nikashangaa. Akaingiza tena, akatoa ya pili. Anaclet akakohoa. Mara ya tatu alitumia mikono miwili.

"Yesu Maria! Kuku ya tumbo tatu!"

Maman Bibiane akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake kwamba ile ndogo ni ya jogoo wake. Alimchinja jana akaichemsha jioni nzima, ili mukwe asipate haya. Anaclet akakiri kwamba ya pili aliitoa kwa jirani, maana bila firigisi hakuna wa kwanza. Kisha wote wakaniangalia mimi. Nikasema Mungu ni mkarimu.

Papa akazipanga zote tatu kwenye jani. Ile kubwa akanipa mimi. Mimi! Ya pili akampa Anaclet. Kisha akaichukua ile ndogo, akainuka mwenyewe, akavuka mpaka kwenye mkeka wa wanawake, akaiweka kwenye kiganja cha Maman Bibiane. Mama huyu amepika kuku miaka thelathini na hajawahi kuweka hata kipande mdomoni, maana wamama wa zamani hawali kuku.

"Myaka makumi tatu unanipikia," Papa akasema. "Kula."

Akala. Machozi yalinitoka, sifichi. Pia kulikuwa na moshi.

Kisha Papa akauliza nani basi atamsemea Apolline. Saa yangu imefika! Nikataka kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa. Firigisi haikuiva, ilikuwa kama soli ya kiatu. Kuitema mbele ya baba mkwe, haiwezekani. Kuimeza, ningekufa. Nikatafuna. Anaclet naye anatafuna, mishipa ya shingo imemsimama. Tukanyoosha vidole kama watoto wa darasa la kwanza. Papa akangoja. Tukatafuna.

Maman Bibiane akafuta midomo.

"Nitasema miye," akasema.

Papa akajibu kwamba ni vizuri, na akaomba bugali.

Ijumaa, 16 Agosti

Taya limevimba. Naandika nikiwa nimefunga leso kichwani. Asubuhi Maman Bibiane ameomba paja la kuku lililobaki, na amelila akiwa amekaa kwenye kiti cha Papa.

Rosalie anasema nikubali tu kwamba nimeshindwa. Nimeshindwa wapi? Kubwa kuliko zote alipewa nani? Anaclet alipata ya kuku wa jirani! Kosa langu lilikuwa moja: sikuchemsha.

Nimetoka kwa Isidore sasa hivi. Anasema Noeli madame wake atachinja bata mzinga wawili. Nimemwomba aniwekee firigisi zote mbili.