Kadi Isiyokula Umeme na Gauni Lililogoma Kugeuka

Kwa Ndugu Fundi wa Kompyuta, ambaye kwa bahati mbaya ni Shemeji yangu,

Basi, kama nilivyokuwa nakueleza juzi dukani kwako kabla hujajifanya unaitwa na mteja, nikabaki naongea na feni: mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na ile kadi ya picha uliyonichagulia, ya kuipa kompyuta nguvu ya kuonyesha picha. Sasa naleta malalamiko yangu kwa maandishi, maana maandishi huwezi kuyakimbilia stoo.

Kumbuka tulivyoanza. Nilikuja na kompyuta yangu nyembamba, ile inayosimama kati ya cherehani na ukuta bila kumbughudhi mtu. Nilitaka magauni yazunguke kwenye kioo cha kompyuta, mteja aone mbele, ubavu na mgongo kabla sijatia mkasi kitambaani. Nikachagua ile kadi kubwa, feni tatu, taa kama ukumbi wa harusi. Ukasema haiingii, na kompyuta yangu haina umeme wa kuilisha. Ukanipa kadi fupi kama biskuti, haina hata waya wake wa umeme, eti inatosheka na kidogo inachopata pale ilipochomekwa. Nikakuamini. Si shemeji?

Malalamiko ni haya:

1. Haina sauti. Cherehani yangu ikifanya kazi mtaa mzima unajua. Hii imekaa kimya kama mgeni aliyevunja sahani.

2. Haili. Mimi nimeajiri watu, shemeji. Anayekataa chakula ama ameshakula kwingine, ama hana nia ya kufanya kazi.

3. Kompyuta inachemka. Na si kwamba nimeitupa! Kabla sijakuletea tena uifunge kadi, niliipima kwa futi yangu, mgongo na mabega, nikaishonea vazi la mahameli lenye bitana. Nyuma nikatoboa tundu moja la kifungo, safi, la kupitishia waya wa kioo. Ulipoirudisha nikaivisha mwenyewe, waya nikachomeka mwenyewe. Imevaa kuliko wewe siku ya harusi yako, halafu inanitolea jasho!

4. Hili ndilo linaloniuma. Amekuja mama wa bibi harusi, anataka gauni la binti yake na sare za dada zake wote. Kazi ya mwaka hiyo! Nikafungua gauni, likaanza kugeuka, likafika mgongoni, likagoma. Tukakaa tunautazama mgongo. Akaniuliza, kwa ule upole mbaya, kama bwana harusi anaoa mgongo. Leo anapita tena, na lisipogeuka anavuka barabara kwa yule fundi mwingine, ambaye magauni yake, mimi sisemi mtu, hufumuka keki haijakatwa.

5. Kwa hiyo nataka ile kubwa. Usiniambie haiingii. Tangu nianze kushona sijamrudisha mtu kwa sababu haingii. Tunafumua ubavuni, tunaongeza kipande. Kata hilo bati la kompyuta, kitakachobaki nje nitakishonea mkono. Umeme tutaomba kwa kinyozi jirani, waya upite dirishani.

6. Ukikataa, mdogo wangu uliyemuoa arudi nyumbani. Nimeshakuelewa: naye ulimchagua mwembamba, mkimya, asiyekula sana. Pole, yote matatu ulikosea.

Wasalimie wote dukani, hata yule anayeniambia umetoka wakati miguu yako naiona chini ya meza. Mdogo wangu mwambie asifungashe kwanza.

Kwa masikitiko yenye heshima zote,
Shemeji yako wa cherehani

N.B. Kinyozi amekuja kuazima mkasi, akafunua vazi la kompyuta, akauliza tundu hili lililofunikwa na bitana ni la nini. Kumbe kadi yako ina tundu lake la waya wa kioo! Nami nilipima kabla haijaja. Waya nilikuwa nimeuchomeka pale pa zamani, kadi ya watu imekaa gizani, haijatumwa kazi hata siku moja. Nimetoboa tundu la pili, waya nikauhamishia kwenye kadi, nikaikatia na dirisha la kupumulia, nikalizungushia lesi. Gauni linazunguka mpaka naona kizunguzungu! Kimya, bila jasho. Ile kubwa ya nini, makelele tu? Mdogo wangu abaki. Barua naituma hivyo hivyo, nimeihangaikia, ila namba sita uifute kabla hajaisoma, maana yule akikasirika hata mimi hu— haya, mama wa bibi harusi huyo mlangoni, ananiita, na gauni limemgeukia uso! Naja, mama, na—