Kona ya Mita Mia Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kuambiwa.

Ofisi yetu inatayarisha Mpango Mkuu wa Usafiri wa Kanda. Miaka ishirini na tano mbele. Barabara kuu mpya, reli, vituo vya mizigo, kila kitu cha kuinua uchumi. Wakubwa wanaandika maneno. Mimi ni mchoraji ramani. Maneno yao yakiisha, mimi ndiye ninayevuta mstari. Miaka tisa navuta mistari, na hakuna hata mmoja uliowahi kupita mahali panaponihusu.

Barabara kuu mpya inapita kaskazini mwa mji, imenyooka kama uzi. Kwa Dada haifiki. Dada ana mashine ya kusaga nafaka kule viungani, na nyumba yake iko ubavuni mwa mashine. Ndiye aliyenilea wazazi walipofariki. Alinibeba mgongoni naye akiwa bado mtoto. Mimi sijawahi kumpa kitu cha maana zaidi ya mwavuli, na mwavuli wenyewe uligoma kufunguka.

Barabara inampita kwa mita mia nane. Kwenye ramani yangu ni milimita kumi na sita tu. Upana wa kidole.

Jumanne, 4 Machi

Nimeupinda.

Nilisubiri wenzangu waende kunywa chai. Nikaushika mstari, nikauvuta hadi ukagusa kabisa kile kinukta cha mashine ya Dada, ili malori yasimame mlangoni. Halafu nikachomeka aya moja kwenye rasimu: kona hii itafungua ukanda wa nafaka. Ukanda wa nafaka haupo. Kuna Dada, na jirani mwenye mbuzi watatu.

Jasho lilinitoka mpaka kiti kikalowa.

Alhamisi, 6 Machi

Baada ya kazi nimekwenda kwa Dada. Sikumwambia siri ya ofisi. Nilimwambia tu aongeze chumba cha mbele, na anunue mashine ya pili. Kisha nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho linauma.

Dada si mtu wa kukurupuka. Alisema mashine moja inamtosha, wateja wake anawajua kwa majina na magunia yao anayajua kwa viraka. Nikamwambia asibaki nyuma. Nikamkumbusha kwamba nafanya kazi mahali ambapo kesho inachorwa. Akapangusa unga kwenye kope.

“Una uhakika?”

Nikasema ninao. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu mwenye magari.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao cha rasimu. Nilijua adui yangu ni nani: mchumi wetu, ambaye wote tunamwita Asilimia. Ukimuuliza hali, anajibu themanini na mbili. Aliingia ofisini mwaka ule ule nilioingia mimi. Yeye sasa ana meza ya dirishani, mimi nimepakana na choo.

Niliandaa majibu matatu ya kuitetea kona. Hakuna lililohitajika. Asilimia alisimama akasema ameipima kona hiyo, na inapandisha makisio ya ukuaji kuliko barabara iliyonyooka. Ameipa jina: Mchepuko wa Ukuaji. Alisema “nimeona”, “nikabaini”, “nikapendekeza”. Jina langu halikutajwa. Mkurugenzi alifurahi mno. Alisema ule mstari wa kwanza ulikuwa kama rula iliyosahauliwa mezani, lakini huu unaonekana unakwenda mahali. Ramani yenye kona itakaa kwenye jalada la kitabu cha Mpango.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliumia siku nzima, kama mtu aliyeibiwa kitu alichokuwa amekiiba.

Jioni nilimpigia rafiki simu kumweleza kwamba nimepokonywa mchepuko wangu na mfanyakazi mwenzangu. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango. Nimeeleza, nimechora hadi ramani. Hanisemeshi.

Jumatano, 16 Aprili

Mpima ardhi amerudi kutoka kule viungani. Mtu mpole, buti zake zimejaa tope. Alikuja mezani kwangu kuniuliza jambo moja dogo. Mchoro unaonyesha barabara inapita juu ya nyumba na mashine ya kusaga. Je, ndivyo?

Nikamwambia hapana, inapita kando.

Akaniwekea rula. Mstari wangu una unene wa milimita moja. Milimita moja kwenye ramani ile ni mita hamsini ardhini. Jambo hili nimewafundisha wafanyakazi wapya kwa miaka tisa. Nina hata utani wangu juu yake, wa kuwachekesha siku ya kwanza.

Malori hayatasimama mlangoni kwa Dada. Yatapita chumbani.

Alisema ameshaweka alama nyekundu ukutani. Chumba cha mbele bado kinanuka saruji mbichi, alisema. Mwenye nyumba alimkaribisha maji ya kunywa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu kuunyoosha. Nilimwendea Mkurugenzi nikasema ni kosa la mchoraji, niadhibiwe mimi, kona ifutwe. Akanisifu kwa uungwana, kisha akasema jalada limeshachapwa.

Asilimia alisikia. Alikuja na kurasa kumi na nne za utetezi. Akanishauri nisiuogope ukuaji.

Nimeisoma ratiba. Ubomoaji uko awamu ya kwanza, mwaka huu, na unaanzia kwenye kona kwa sababu ndiyo iliyo kwenye jalada. Fidia iko awamu ya tatu, mwaka wa kumi na saba wa Mpango. Chumba cha mbele hakimo kabisa: kilijengwa baada ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu majengo.

Dada amepiga simu. Hakulia. Alisema anamshukuru Mungu kwamba ana mtu wake pale ofisini, nimwangalizie kuna nini. Nikasema nitaangalia.

Jumamosi, 10 Mei

Kikao cha wananchi, ukumbi wa shule. Asilimia aliwaonyesha picha za grafu ukutani. Watu waliangalia kama wanavyoangalia mvua kupitia dirishani.

Ikafika zamu ya maswali. Dada akasimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya msibani.

“Mimi sipingi barabara,” alisema. “Watoto wetu wataihitaji. Nauliza tu: huko ilikotoka imenyooka, na huko inakokwenda imenyooka. Ni nani aliyeipinda kwangu?”

Nilikuwa mstari wa mbele na rula ya kuonyeshea ramani. Nikaangalia kamba za viatu vyangu. Ya kushoto ilikuwa imelegea. Niliinama kuifunga, na nikabaki huko chini.

Kisha nikamsikia Asilimia akisema, kwa kifua mbele, kwamba ni yeye.

Watu walimzomea mpaka akaondolewa kwa mlango wa nyuma. Nami kule chini, naandika ukweli maana hiki ni kitabu changu, nilifurahi. Tulipotoka Dada alinishika mkono, akasema asante kwa kujaribu. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito. Nikaupokea.

Jumatatu, 26 Mei

Asilimia amekuja mezani kwangu. Anaonekana kachoka. Alisema tangu kikao kile amejichunguza na kuona alifanya jambo baya: alijitwalia kazi ya mtu mwingine. Akanishika bega mbele ya ofisi nzima akaniomba radhi. Amesharekebisha. Ukurasa wa tatu wa kitabu cha Mpango sasa una shukrani kwa mchoraji ramani, jina langu kamili, kwa kubuni kona.

Watu walipiga makofi. Nimesubiri makofi hayo miaka tisa.

Nikauliza vitabu vinakwenda wapi. Akasema kwanza vinapelekwa kwa kila kaya itakayohamishwa. Ni haki yao kujua.

Alhamisi, 12 Juni

Dada alikuja ofisini. Hajawahi kufika. Mlinzi alimleta mpaka mezani. Hakukaa. Akaweka kitabu juu ya ramani zangu, kikiwa wazi ukurasa wa tatu. Alikuwa amepiga mstari chini ya jina kwa penseli, mstari mzuri, umenyooka.

Nilianza kueleza. Malori, wateja, ukanda wa nafaka, vile nilivyotaka aamke siku moja akute dunia nzima iko mlangoni kwake. Alisikiliza yote. Dada husikiliza mpaka mwisho, hata uongo.

“Kwa hiyo ulikuwa unanitakia mema.”

“Ndiyo, Dada.”

“Basi usinitakie tena.”

Akatoka. Kitabu amekiacha. Asilimia, kwenye dirisha lake, alijifanya anahesabu kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nyumba ya Dada ilibomolewa wiki iliyopita. Sikwenda. Nasikia tingatinga lilimaliza kazi kabla ya saa nne asubuhi. Mashine ya pili haikupata pa kukaa, ameiacha kwa jirani, mbuzi wanalala chini yake. Yeye na ile ya zamani wamehamia chumba cha kupanga upande wa kusini, ukingoni kabisa mwa barabara ya zamani ya sokoni. Hapokei simu zangu. Mke wangu huenda kumsalimia Jumapili. Mimi hubaki nyumbani.

Kazini nimehamishwa. Sasa nahesabu magari. Nimepewa kiti cha kukunja, kofia, na fomu, nakaa kwenye makutano ya barabara hiyo ya sokoni tangu asubuhi hadi jioni nikichora vijiti: lori, basi, gari dogo, baiskeli. Vumbi tupu. Hakuna anayenisalimia isipokuwa mwendesha baiskeli mmoja, na huyo nadhani ananicheka.

Lakini leo, baada ya chakula cha mchana, nimesoma maelezo yaliyo nyuma ya fomu. Kumbe kila kitu kinaanzia hapa. Barabara ikipitisha magari zaidi ya elfu sita kwa siku, inaingizwa kwenye Mpango na kupanuliwa. Ya sokoni imepungukiwa mia nne tu. Vijiti mia nne. Na chumba cha Dada kiko pale pale, hatua mbili kutoka kwenye lami. Barabara pana, wateja wa pande zote, mashine inanguruma tangu asubuhi.

Nimeshaongeza malori sitini. Safari hii Dada sitamwambia. Atashtukia tu neema imemfikia mlangoni.