Kumuaga Radi na Kuzindua Kituo Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye yuko njiani. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na kaimu mkurugenzi msaidizi ninayemwona pale akisinzia kwa nidhamu. Mabibi na mabwana, na ninyi wengine mliosimama kwa kuwa viti vimechukuliwa na kamati! (Makofi ya kamati.)

Kwa unyenyekevu wangu mkubwa, ambao hauna mpinzani katika sekta hii, mimi Mwenyekiti wa Chama cha Kriketi nimesimama kutekeleza majukumu mawili ya kimkakati: mosi, kumuaga nahodha wa timu yetu ya taifa ya wanawake, huyu mnayemwita Radi, ambaye goti lake limestaafu kabla yake, na pili, kuzindua Kituo cha Kisasa cha Kriketi ya Wanawake, hiki mnachokiona nyuma yangu, ambako Radi mwenyewe atakuwa kocha mkuu. (Vigelegele kutoka kwa wasichana waliokalia mabegi yao.)

Watu wanauliza, nani aligundua kipaji hiki? Sipendi kujitaja, lakini ni mimi. Nilikuwa ofisini nikipitia mpango mkakati, macho nimeyafumba ili niuelewe vizuri, mara kioo cha dirisha kikapasuka na mpira wa matambara uliofungiwa jiwe ukatua kwenye chai yangu. Nikatoka. Kwenye kichochoro, pembeni ya cherehani ya mama yake, kasimama binti mwembamba, mikono kiunoni.

"Wewe! Nani kakutuma uvunje ofisi?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nalenga kopo, na kopo nimelipata. Dirisha lako ndilo limekaa nyuma yake."

Nikamfukuza, nikamwambia nisimwone tena na mpira. Wataalamu wanaiita motisha kinyume, na matokeo yake ni asilimia mia moja na kumi, kwani tangu siku hiyo hakuuacha mpira. (Kicheko. Mwenyekiti anakipokea kama pongezi.)

Akaja kuwa mrushaji wa kasi ambaye wapigaji wa nchi nyingine walimwogopa kama kodi. Safari yake ya kwanza ya nje tuliigharamia kikamilifu, isipokuwa kwamba ujumbe wa viongozi ulikuwa mpana, hivyo baadhi ya wachezaji tukawaacha uwanja wa ndege ili wajenge uzalendo wakiwa nyumbani. Sare zilikuwa za timu ya wanaume. Nasikia kuna minong'ono. Ile ilikuwa sera ya vazi shirikishi! Na mama yake Radi, fundi cherehani, akazikata zote na kuzishona upya kwa hiari yake.

(Sauti ya mama yake Radi, aliyesimama kando ya ukuta: "Hiari gani, bwana mkubwa? Mwanangu angecheza ameshikilia suruali kwa mkono mmoja!" Kicheko kirefu.)

Asante mama kwa kuniunga mkono. Kisha Radi akajifungua, nasi, kwa kujali afya ya mama na mtoto, tukamwondoa kikosini moja kwa moja bila kumsumbua kwa kumwarifu. Akaja ofisini na kichanga mgongoni. Akasema, "Mwenyekiti, nimezaa, sijakatwa mkono." Nikamweleza kwamba suala lake liko kwenye mchakato. Hakuusubiri mchakato! Alikwenda mazoezini, mama yake akamshika mtoto nje ya mstari wa uwanja, na wapigaji wote wa timu wakatolewa kwa mipira yake kabla mtoto hajaamka. Kocha akamrudisha bila kibali changu, na kibali hicho nakitoa leo. (Makofi.)

Hatimaye fainali. Wapinzani wanahitaji pigo moja tu la maana ili washinde, mpira wa mwisho uko mkononi mwa Radi, goti limefura, anachechemea. Nami nikiwa chumba cha wageni maalumu nikatuma ujumbe atolewe, aingie mpwa wangu. Kwa bahati simu ya kocha ilikuwa imeisha chaji. Radi akakimbia, akarusha, vijiti vitatu nyuma ya mpigaji vikasambaratika, uwanja mzima ukalia! Mimi pia ningelia, ila nilikuwa nafuatilia mishikaki. Kombe liko sebuleni kwangu, kwa usalama wa taifa.

(Radi anasimama, ameegemea gongo lake la kriketi. "Mwenyekiti, mengine nimeyazoea. Lakini wasichana hawa mmewaita kwa redio. Wametoka mbali. Kituo kinafunguliwa saa ngapi? Leo watalala wapi?")

Swali zuri sana, litaingizwa kwenye kumbukumbu. Kituo kitatekelezwa kwa awamu, na awamu ya kwanza ndiyo hotuba hii.

(Msichana mmoja anaanza kulia. Radi anamfuta machozi kwa kiganja. "Usilie. Mimi sijawahi kusubiri kituo. Mama, nyumbani patatosha?" Mama: "Tutasogeza cherehani. Haya wanangu, bebeni mabegi, kabla huyu bwana hajafika awamu ya pili." Wasichana wanatoka nyuma ya Radi. Watu wanawafuata. Kamati inafuata harufu ya chakula.)

Naona hamasa ni kubwa, watu wamekwenda kuanza utekelezaji! Kriketi! (Kimya.) Wanawake! (Kimya.) Kituo! (Kaimu mkurugenzi msaidizi, akizinduka: "Juu!")

Kwa kumalizia, namshukuru kipekee fundi wa mabango aliyekichora kituo hiki kwenye turubai hili hapa nyuma yangu, akaweka madirisha, milango na majani ya kijani, kwani bila yeye kisingeonekana popote. Asanteni sana, na kama kuna mtu amebaki, naomba anisaidie kukikunja.