Nozeli za Bwana Brighton

Redio alianza kuongea kabla hajazima pikipiki. Ni bodaboda wa njia ya Heru Juu, na jina hilo hakupewa bure.

"Mmesikia? Kuanzia leo, fundi asiye na cheti marufuku kugusa gari. Ukikutwa, gereji inafungwa na spana zinabebwa zote."

"Tangazo liko hapo ukutani tangu jana asubuhi," alisema Anifa, mwenye kijiwe cha kahawa, akimimina. "Redio gani wewe, unatusomea habari za jana?"

Spea alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Jina lake ni Niyomwungere, lakini Kasulu nzima inamwita Spea. Uraia anao, gereji anayo, na watoto watatu wanasoma kwa spana hizo hizo. Cheti ndicho hana. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, chini ya malori, na huko chini hakuna anayegawa vyeti. Asubuhi hiyo alikuwa amepita mbele ya gereji yake bila kuifungua, na roho ilimuuma kweli.

"Nani kasaini?" Redio akauliza.

"Bwana Brighton, yule afisa aliyehamishiwa hapa mwaka jana," alijibu Pasikali, ambaye kwa kusoma kila tangazo mpaka kwenye mhuri wanamwita Wakili. "Kesho anakwenda Makere kufunga gereji za huko. Anakwenda na gari lake mwenyewe."

"Lile linalokohoa?"

"Halikohoi tena. Jumamosi kalifungua uani kwake, kachomoa nozeli zote nne za kupulizia petroli."

"Acha fiksi."

"Nimeona kwa macho yangu. Simu kaiegemeza kwenye ndoo, Mzungu kwenye video anaelekeza, yeye anachomoa. Likiingia tangazo la biashara, anasubiri na spana mkononi mpaka liishe."

"Basi atakuwa fundi mkuu," alisema Anifa. "Mwenzake hapa kasomea miaka thelathini kwenye oili, hajahitimu."

Walikuwa bado wanacheka Bwana Brighton alipotokea kwa miguu, shati limetoka nje, harufu ya petroli imemtangulia. Akasalimia benchi zima, kisha akamwinamia Spea.

"Shikamoo mzee wangu. Nina tatizo dogo. Nozeli nimeweka mpya, lakini nikiwasha gari linatetemeka, na petroli inavuja juu ya injini."

"Marahaba. Mipira yake umeweka mipya?"

"Zilikuja bila mipira. Nikakata kwenye tyubu ya baiskeli."

Anifa akaweka birika chini. Spea alimtazama yule kijana wa watu akamhurumia, ingawa hakutaka.

"Bwana afisa, petroli inailainisha tyubu. Ungewasha mara mbili zaidi, ungeungua wewe na nyumba."

"Ndiyo maana nimekuja. Twende ukaguse kidogo tu."

"Siruhusiwi."

Wakili akausogelea ukuta, akasoma kwa sauti: "'Mtu yeyote asiye na cheti cha ufundi haruhusiwi kufungua boneti wala kugusa injini.' Kuongea hawajakataza."

Basi wakahamia uani kwa Bwana Brighton, kijiwe kizima. Spea akaketi kwenye kigoda, akakalia viganja vyake ili visimponyoke. Redio akatumwa dukani kwa pikipiki, akarudi na mipira minne ya nozeli.

"Toa waya wa betri. Huo hapana, ule wa hasi kwanza," alisema Spea. "Sasa funika bomba la petroli na kitambaa kabla ya kulilegeza, presha itoke polepole. Ego, hivyo hivyo. Fungua reli, hiyo iliyoshika nozeli, inyanyue sawasawa pande zote. Toa huo uchafu wa baiskeli, futa petroli yote. Mipira mipya ipake oili kidogo, halafu nozeli isukume iingie wima. Hiyo nyundo ya nini?"

"Ya kuzigongea ziingie."

"Mzungu alisema nyundo?"

"Hapana. Nyundo nilijiongeza."

Saa nzima Spea alisema, afisa akatenda. Mara mbili viganja vilichomoka, mara mbili Wakili akakohoa, vikarudi. Bwana Brighton alipowasha, gari lilinguruma bila kutetemeka, na juu ya injini hapakuwa na tone la petroli. Afisa akaruka kwa furaha, mweusi kwa oili mpaka kwenye masikio.

"Nimetengeneza mwenyewe," alisema. "Mmeona? Kwa mikono yangu."

"Tumeona, na sisi ni mashahidi," alisema Wakili. "Sasa cheti chako cha ufundi kiko wapi, bwana afisa? Redio, pakia hizo spana zake."

Furaha ikamtoka. Akatazama boneti iliyo wazi, akatazama boksi la spana ambalo Redio alishalifungia kwenye kiti cha pikipiki. Akajikohoza kiofisi.

"Kwa sasa utekelezaji umesitishwa, kupisha mashauriano. Makere siendi. Mzee Spea, kafungue gereji yako. Na cheti cha ufundi nitakuandikia mimi mwenyewe."

Spea akainuka, akanyoosha vidole vilivyokufa ganzi.

"Kama ni kuandika, andika cha ualimu," alisema. "Leo fundi ulikuwa wewe."

Akaondoka kwenda kufungua gereji.