Mgonjwa wa Annet

Jumatatu, 5 Mei
Annet amerudi kutoka wodini, akatupa koti lake jeupe juu ya meza ya chakula. Mjukuu wangu huyu anasomea ufamasia, na mwezi huu wanafunzi wako kwa wagonjwa. Bibi mmoja wa Nansio, ambaye kila asubuhi Annet alimweleza dawa zake, amefariki. Kabla kitanda hakijatandikwa upya, mkufunzi akamuuliza dozi ya marehemu mbele ya wenzake. Akasahau. Wakamcheka. Hakuna aliyempa pole. Kwetu Kamachumu, Uhayani, ninakokukumbuka vizuri kuliko ninavyokumbukwa huko, hata mpita njia hupewa pole!
Anasema Ijumaa anaaga chuo.
Nimewaza. Binti anahitaji mgonjwa atakayepona. Nipo.

Jumanne, 6 Mei
Nimeanza kuugua wakati wa chai. Kizunguzungu, mkono kichwani, mguno wa wastani. Akauliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna, mgonjwa mwepesi hupona haraka. Akaleta kipimo cha presha. Akapima, akarudia. Iko juu sana! Nikaona nicheke, nikakiri kwamba naigiza tu. Akasema presha haiigizwi, babu.
Mpango umeingia dosari.

Jumatano, 7 Mei
Rwehumbiza, jirani yangu, kaja kunijulia hali na kuniharibia. Kamwambia Annet asihofu, babu yake ana dawa: kila asubuhi tunatafuna punje za kahawa pamoja, kisha yeye anavunja kidonge chake cha presha, nusu yake, nusu yangu. Mhaya hali peke yake! Annet akampima na yeye. Juu vilevile. Yake imezidi yangu kidogo, na amejivuna.
Annet akafoka kama mwalimu wa zamu. Tangu Jumatatu sikuwa nimemsikia akipaza sauti. Kisha ikakatika.
“Ukifa, babu, nitaulizwa dozi yako mbele za watu. Nitajibu nini? Nusu ya Rwehumbiza?”
Akamlilia bibi wa Nansio mpaka chai ikapoa. Rwehumbiza akavua kofia, akampa pole kwa Kihaya, taratibu, kama mfiwa. Mimi, mwenye mipango yote, sikuwa nimelifikiria hilo.

Ijumaa, 9 Mei
Hakuaga! Alimwambia mkufunzi kwamba mtu akifariki, wanafunzi waketi kwanza, wapeane pole. Maswali ya dozi yafuate. Mkufunzi akavuta kiti, akamtaja mgonjwa wake wa kwanza kufariki. Kwa jina.
Alasiri katupeleka kliniki. Kila mzee sasa ana vidonge vyake, vizima.
Rwehumbiza anazunguka mtaa wetu wote wa Mkuyuni akidai pole yake ndiyo iliyomwokoa binti. Majivuno ya mtu huyu! Kilichomwokoa ni kizunguzungu changu, kila mwenye macho anaona.
Annet anasema mwenzake wa chuo, Josephat, naye alifiwa na mgonjwa wiki iliyopita, na bado hali wala hasemi. Nimemwalika chakula Jumapili.
Ugonjwa tu ndio sijachagua.